Nafasi ya Jina la Mnakili

Watu hunipongeza. Hunisimamisha darajani nikiwa na kapu la samaki, wakaniambia, "Zabeta, si wewe ndiye binti wa yule Mgiriki aliyetoa herufi za Messer Anzolo? Una bahati, dada." Mimi huitikia tu nikaendelea na safari yangu, maana miguu inaniuma na samaki hawangoji. Bahati gani? Vitabu vyenye mwandiko wa baba vimefika Padova, Paris, hata huko kwenye theluji kwa Wapolandi, na hakuna hata kimoja chenye jina lake.

Aliitwa Stamatis Kondoleo. Wagiriki wenzetu wa hapa Venisi walimwita Kir Stamatis kwa heshima, na wenyeji wakaiga. Alitoka Kandia, kisiwani Krete, akiwa kijana, na kazi yake ilikuwa kunakili vitabu vya Kigiriki kwa mkono. Mama alipofariki nilibaki mimi, nikawa msaidizi wake. Nilichora mistari kwenye ngozi ya kuandikia, nilichemsha wino, na baba akikosea nilikwangua kosa kwa kisu mpaka ngozi irudi kuwa nyeupe, aandike upya. Kukwangua ndiyo kazi niliyoijua kuliko zote. Ukikandamiza kidogo tu umetoboa, na baba alikuwa na mdomo mkali.

Mnakili wa kwetu akimaliza kitabu huacha nafasi chini ya ukurasa wa mwisho. Hapo huandika jina lake, akajiita mwenye dhambi, akamwomba kila atakayesoma amwombee. Usidhani ni madaha. Mnakili haachi shamba wala nyumba, anaacha mstari ule, na watu wasiomjua wanamtaja mbele ya Mungu akiwa ameshaoza. Baba alikuwa akioga kabla ya kuuandika, na siku hiyo hakutaka kelele ndani.

Messer Anzolo Dalmonte, na Messer hapa Venisi ni kama kusema Bwana, alikuwa msomi kwanza, uchapaji ukaja baadaye. Kigiriki alifundishwa na baba, mezani petu, huku akila dagaa wetu wa siki na vitunguu na kumwaga mvinyo kwenye kitambaa changu. Alikuwa mtu mwema, nalisema hilo hata leo nikiwa na hasira. Alikipenda Kigiriki kama wengine wanavyopenda kamari. Alipofungua matbaa yake mtaa wa San Pantalon, hakutaka zile herufi za Kigiriki zilizokuwapo, ngumu na zilizosimama kama misumari. Alitaka msomaji akifungua kitabu aone mkono wa mtu. Akamwomba baba amwandikie herufi zote, moja moja na zile zinazoshikana, kwa ukubwa na kwa udogo.

Baba akaandika. Sonara mmoja akazichonga kwenye chuma, zikamiminwa kwa madini ya risasi iliyoyeyushwa. Siku karatasi ya kwanza ilipotoka mtamboni, baba aliishika akacheka mpaka machozi.

"Tazama, Zabeta! Nimeandika nikiwa nimelala!"

Nilicheka naye. Tulikuwa wajinga wote wawili.

Haukupita muda mrefu wanafunzi wakaacha kugonga mlango wetu. Kwa nini wagonge? Kitabu ambacho baba angekiandika kwa majira mawili, Messer Anzolo alikitoa kwa mamia, kidogo, cha kutia kwenye mkono wa joho ukaenda nacho darasani au kwa mchumba. Siwalaumu. Hata mimi ningenunua. Messer Anzolo naye hakumtupa mwalimu wake, alimpa kazi ya kusahihisha palepale matbaani. Basi baba akawa anakaa kwenye kiti karibu na dirisha, kutwa nzima, anasahihisha makosa ambayo mwandiko wake umeyafanya bila yeye. Alirudi nyumbani macho mekundu, anakula, analala.

Mwanzoni mwa kila kitabu Messer Anzolo aliandika maneno ya kuwashukuru wakubwa. Aliwashukuru maaskofu, aliwashukuru wana wa wafalme ambao hawangeweza kusoma hata ukurasa mmoja. Alizisifu herufi zake pia, kwamba Italia nzima hakuna mfano wake. Za nani, hakusema. Baba alisoma akafunua ukurasa. Mimi ndiye niliyechemka.

"Huoni, Baba?"

"Naona."

"Na husemi kitu?"

"Niseme nini? Nimechoka, Zabeta. Leta mkate."

Ndipo Padri Makarios akaja. Yeye ndiye aliyekuwa akituongoza Wagiriki katika kanisa la San Biagio, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Alitaka Injili mpya ya madhabahuni, ya kusomwa kuanzia Pasaka, na aliitaka kwa mkono.

"Ya matbaa siiweki pale juu," akasema. "Mtambo hauombi. Nataka ya kwako, Kir Stamatis, na jina lako chini, ili nikiisha kusoma nikuombee na watu waitikie."

Baba aliuficha mkono wake wa kulia chini ya meza, kwa sababu ulikuwa umeshaanza kutetemeka. Padri hakuuona. Mimi niliuona.

"Nitaandika," akasema baba.

Aliandika majira yote ya baridi. Nilimchorea mistari, nikampashia moto vidole, nikamkwangulia makosa, na makosa yalikuwa yakiongezeka. Asubuhi mkono ulikuwa na adabu kidogo, ikifika mchana ulikuwa wa mtu mwingine. Lakini kurasa zilitoka, na zilikuwa nzuri. Nimewahi kumwona baba mwenye furaha mara chache sana maishani, na nyingi ni za majira yale. Alikuwa akisema, akipuliza wino ukauke, "Hiki kitakuwa na jina. Hiki kimoja."

Ilipoingia Kwaresima mkono ukakataa kabisa. Zilikuwa zimebaki kurasa chache tu za mwisho. Alichovya kalamu, akaipeleka kwenye ngozi, na ikaruka kama kifaranga, ikaacha mchirizi mweusi katikati ya ukurasa. Nikakwangua. Akajaribu tena, ikaruka tena. Nikakwangua palepale, ngozi ikawa nyembamba hadi ningeweza kuona kidole changu kupitia kwake.

"Baba, acha kwa leo."

"Hata jana uliniambia niache kwa leo."

"Basi niandike mimi. Unisomee, mimi niandike."

Akanitazama kwa jicho la pembeni. "Wewe mwandiko wako ni wa kuandikia vyungu vya zeituni."

"Nani alinifundisha?"

Hapo akacheka kidogo, kisha akaiweka kalamu mezani na kufunika uso kwa mkono uleule mbovu. Mkono ulikuwa ukigonga paji la uso wake. Nikaenda kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri.

Messer Anzolo alikuja kumjulia hali. Naye alikuwa amechakaa. Vumbi la risasi lilimfanya akohoe, wageni wasomi walimwandama kutwa na maswali yao, na usiku hakulala kwa kuwaza makosa yaliyokwisha kuchapwa. Alikaa kwenye kiti cha baba, akazitazama zile kurasa za Injili muda mrefu, na uso wake ukalegea.

"Mwalimu wangu," akasema, "hizi zilizobaki niachie mimi. Nitazichapa kwenye ngozi hii hii, kwa herufi zako. Nitawaambia wapunguze wino ulingane na wako. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Ni mwandiko wako, Kir Stamatis. Hata ukiuangalia kwa karibu ni wako."

"Mimi sijawahi kuandika alfa mbili zinazofanana. Zako zote zimezaliwa pacha."

"Basi una njia nyingine?"

Hakuwa nayo. Nilimwona akitafuta, macho yakizunguka chumba kizima, kwenye kalamu, kwenye kisu changu, kwangu. Pasaka ilikuwa inakuja. Mwishowe akakubali shingo upande, kwa sharti moja: chini ya ukurasa wa mwisho iachwe nafasi tupu, na asiiguse mtu. Jina ataandika mwenyewe kwa kalamu, hata kama litamchukua kutwa nzima.

"Nimekuelewa," akasema Messer Anzolo. "Pataachwa patupu."

Padri Makarios tulimweleza ukweli. Alinguruma, akazunguka chumba, kisha akauliza herufi ni za nani. Nikamwambia ni za baba. Akauliza jina litaandikwa kwa kitu gani. Nikamwambia kwa kalamu, na baba mwenyewe. "Basi haya," akasema. "Jina likiwa la mkono, nitasoma."

Tulienda matbaani pamoja, mimi nimebeba ngozi zilizobaki, baba kanishika bega. Mpanga herufi wa Messer Anzolo aliitwa Bortolo, mtu wa maneno mengi na vidole vyepesi. Kigiriki hakukijua hata salamu, lakini alikipanga haraka kuliko wanaokijua.

"Karibu, mzee wangu! Leo umekuja kunikagua au kunirithisha?"

"Nimekuja kuona kama hujaniharibia jina."

"Jina lako ninalo humu," akasema Bortolo akipiga kisanduku cha herufi. "Kila siku nakushika masharubu. Mkeo hakuwahi kukushika hivyo."

"Na hakuwahi kuwa na kucha chafu namna hiyo."

Wakacheka. Baba alisoma karatasi za majaribio zote palepale, akasahihisha kidogo, na chini ya ile ya mwisho palikuwa patupu, weupe mtupu. Messer Anzolo alimwonyesha kwa kidole. Baba akaridhika. Bega langu lilikuwa limekufa ganzi, tukarudi nyumbani.

Sasa nieleze jambo moja kuhusu nyumba ya Messer Anzolo. Kitabu chochote cha Kigiriki kilichotoka pale kiliisha kwa mstari uleule, kwa herufi zilezile za baba: kwamba kimechapwa Venisi, nyumbani kwa Anzolo Dalmonte, kwa uangalifu mkubwa. Bortolo alikuwa ameupanga mstari ule mara nyingi hata hakuupanga tena. Aliuweka ukiwa umefungwa kwa uzi kwenye rafu, tayari. Messer Anzolo aliitwa siku hiyo kwa mgeni fulani kutoka Padova. Bortolo akaufunga ukurasa wa mwisho, akaona pengo chini, na vidole vyake vikafanya vilichokuwa vikifanya siku zote. Nina hakika hakufikiri lolote. Pengo mwishoni mwa kitabu, katika matbaa ile, lilikuwa na mwenyewe.

Ngozi zikaletwa kwetu zimekauka, zimefungwa kwa kitambaa safi. Ilikuwa Alhamisi Kuu. Baba alikuwa ameshaoga. Nilikuwa nimemvalisha shati la kanisani, nimemchongea kalamu mpya, nimemwekea mto chini ya kiwiko. Tukafungua kurasa moja baada ya nyingine na zilikuwa nzuri kweli, nyeusi na zilizotulia, mkono wa baba kama ulivyokuwa nikiwa mtoto. Kisha tukafika mwisho.

Baba alisoma ule mstari. Akausoma tena. Aliinamisha kichwa tu, kama mtu aliyebeba mzigo mpaka mlangoni akaambiwa si hapa.

Mimi nilivaa viatu nikatoka mbio. Kwenye daraja la San Pantalon nilimsukuma mtu, na sikuomba radhi. Nilimkuta Messer Anzolo na mgeni wake wa Padova, wakijadili koma sijui nukta, nikamkatiza katikati.

"Umemwibia mara ya kwanza tukanyamaza. Leo umemwibia na ukurasa wa kufia!"

"Zabeta, dada yangu, nini?"

Nikamwambia. Rangi ikamtoka. Akamwita Bortolo, na Bortolo aliposikia akakaa chini kwenye rundo la karatasi, akashika kichwa.

"Nilidhani mstari umesahaulika," akasema. "Nimeona pengo. Mama yangu, nimeona pengo tu!"

"Mnaweza kuchapa upya?" nikauliza.

Bortolo akatazama visanduku. Herufi zilikuwa zimekwisha kufunguliwa na kurudishwa, kila moja mahali pake, na nusu zilikuwa tayari kwenye kitabu kingine. Ngozi ya namna ile haikuwapo tena. Watu wa mtambo walikuwa wamekwenda kwao kwa ajili ya sikukuu.

Messer Anzolo alifuatana nami mpaka nyumbani. Alisimama mlangoni na kofia mkononi kama mdaiwa.

"Mwalimu, nisamehe. Baada ya Pasaka nitapanga upya, mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Nitaliweka jina lako kwa herufi kubwa, na mahali pengine pia, kwenye vitabu vyote."

"Baada ya Pasaka," akasema baba, "sijui kama nitaweza kushika kijiko." Kisha akaongeza, bila ukali, "Anzolo, wewe ulifikiri ni nani aliyeandika vitabu vyako?"

"Nilijua ni wewe."

"Ulijua. Basi kwa nini hukusema?"

Messer Anzolo aliikunjakunja kofia mikononi. "Sikufikiri," akasema. "Nilikuona kila siku pale dirishani. Nilidhani kila mtu anakuona."

Baba akaitikia kwa kichwa. Nadhani alimwamini. Mimi pia nilimwamini, na ndicho kilichonichosha zaidi, maana mtu mbaya ungemtukana ukapumua.

Kisha baba akanigeukia. "Zabeta. Kisu chako ni kikali?"

Nikajua anataka nini. Wino wa matbaa una mafuta, unazama, si kama wetu unaolala juu ya ngozi. Nilikinoa kisu tena. Nikainama juu ya ukurasa ule, Messer Anzolo amesimama, baba ameketi, nikaanza kuukwangua mstari wa Anzolo Dalmonte, herufi moja moja, kwa ncha, bila kukandamiza. Kila herufi niliyoitoa ilikuwa ya mwandiko wa baba. Hilo liliniuma, nasema kweli. Nilikuwa namfuta baba ili nimpatie baba nafasi. Shingo ilikakamaa, jasho likanidondokea puani, nikalifuta kwa bega lisianguke kwenye ngozi. Messer Anzolo hakuondoka wala hakukaa. Nilipopuliza vumbi la mwisho palikuwa na kiwingu cha kijivu, lakini palikuwa patupu, na hapakutoboka.

Nikamchovyea baba kalamu. Nikataka kumshika kifundo cha mkono.

"Niache," akasema.

Aliandika peke yake. Kalamu iliruka, ikakwama, ikarudi. Herufi zilipanda kilima na kushuka, moja kubwa nyingine ndogo, herufi ya sigma ilianguka kifudifudi. Maneno yalikuwa haya: Stamatis, mwenye dhambi, niombeeni. Jina la Kondoleo halikupata nafasi. Alipomaliza alipumua kwa nguvu, wino umemrukia hadi shatini.

"Mbaya," akasema akiutazama.

"Mbaya, Baba."

"Mbaya kabisa." Akatabasamu, meno yake machache yote nje. Kisha akaona kisu bado kiko mkononi mwangu. "Usiukwangue."

Pasaka Padri Makarios alisoma, akafika mwisho, akakaza macho, akasoma jina. Watu wakaitikia. Baba alikuwa ameketi karibu na nguzo, amelala usingizi. Sikumwamsha. Alikufa kabla zabibu hazijaiva.

Messer Anzolo alitimiza ahadi kwenye kitabu kimoja, halafu naye akafa, na waliomrithi wakarudia mstari wa zamani kwenye rafu. Herufi bado zinatumika. Mimi ndiye ninayefagia San Biagio siku hizi na kuitunza Injili ile, na wasomi huja kuiona, kwa kuwa wamesikia habari zake. Majuzi alikuja mmoja, kijana mzuri, joho la hariri. Alifunua mpaka mwisho akasikitika.

"Mama," akaniambia, "nani alimwacha mtoto achezee ukurasa kama huu? Tazama mwandiko ulivyo mzuri hapa juu, halafu tazama uchafu huu chini. Kwa nini hamkukwangua?"

Nilikuwa nimechoka, nimeshika ufagio. Nikaja nikasimama kando yake.

"Huo wa juu umetoka matbaani," nikamwambia. "Huo wa chini ni wa baba yangu."